Kiharusi Hakijui Ngazi ya Mkoa

Wazalendo wenzangu, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu mkono wa kulia wa mama yangu.

Mama anauza mchele soko la Buzogwe hapa Mpanda. Au niseme alikuwa anauza. Septemba 2024, siku ya Alhamisi, aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake, akawasha jiko, akaniita nimtolee gunia nje. Nilipotoka nikamkuta ameegemea ukuta. Mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake, anataka kuniambia kitu na maneno yanatoka yamekorogeka kama ya mlevi. Mama yangu hajawahi kuonja pombe maisha yake yote.

Majirani walijaa ndani ya dakika tano. Mmoja akasema apewe maji ya chumvi. Mwingine, mama mdogo ambaye namheshimu sana na sitamtaja, akasema, "Mwanangu, huyu katupiwa kitu. Msimkimbize hospitali, akichomwa sindano atakufa." Na mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne, kiongozi wa vijana wa kata, mtu anayepanda jukwaani kuwaelimisha wenzake, nilisikiliza. Tulimlaza. Tulisubiri. Ilipofika saa nne asubuhi ndipo dada yangu akafika na kutufokea wote, nikawasha pikipiki, tukamweka mama katikati yetu tukaondoka.

Naanza na aibu yangu kwa sababu nataka usome mpaka mwisho ukijua siandiki kumlaumu mtu mwingine tu. Kwa hiyo kwanza hili, hata kama hutasoma mengine. Ukimwona mtu ghafla mdomo umependa upande, mkono au mguu wa upande mmoja umekosa nguvu, maneno hayaeleweki, hicho ni kiharusi. Siyo jini, siyo upepo mbaya, siyo mke mwenza. Mshipa wa damu kwenye ubongo umeziba au umepasuka. Kwa ule ulioziba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inafaa tu mgonjwa akiwahi ndani ya saa nne na nusu hivi, na haitolewi kabla ya kupiga picha ya kichwa kwa CT scan, kwa sababu ukimpa dawa hiyo mtu ambaye mshipa umepasuka unamuua. Sisi saa tano zilipita bado tunabishana nyumbani.

Sasa tuje kwenye kadi.

Tulipofika mapokezi swali la kwanza lilikuwa, "Mna bima?" Nikatoa kadi ya CHF ya familia. Dada wa dirishani akaangalia kwenye mfumo, akanirudishia. Ilikuwa imeisha tangu mwezi wa sita. Na ninajua kwa nini iliisha. Mwezi huo nilikuwa na elfu thelathini mkononi, na tairi la nyuma la pikipiki lilikuwa limebaki nyuzi. Nikanunua tairi. Nikajiambia kadi nitalipia mwezi ujao, na mwezi ujao haukufika. Nani kati yenu anayesoma hapa hajawahi kufanya hesabu ya namna hiyo?

Kwa wasiojua: mwaka 2024 CHF iliyoboreshwa ilikuwa elfu thelathini kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, huku mikoani. Kwa bei hiyo ilikuwa kitu kizuri, nasema bila kigugumizi. Mtoto akipata malaria, mke akijifungua, mzee akikohoa, ilisaidia. Ulitibiwa zahanati, ukapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na kwa rufaa mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo ndipo ngazi yake ilipoishia. Juu ya hapo, yaani hospitali za kanda na za taifa, kadi hiyo haikufanya kazi.

Ugonjwa wa mama ulikuwa juu ya hapo.

Sitasema ni hospitali gani iliyompokea kwanza na ipi ilifuata, kwa sababu waliomhudumia walifanya walichoweza na nisingependa mtu aonewe kwa andiko langu. Nesi mmoja alimgeuza mama usiku kucha kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na hakuna aliyemwamrisha. Ila siku ile kipimo cha kichwa hakikupatikana tulipokuwa, na baada ya siku tatu daktari akasema, "Kijana, mpelekeni mbele." Mbele, kwa sisi wa Katavi, ni neno kubwa. Mbele ni Mbeya kupitia Sumbawanga na Tunduma, zaidi ya kilomita mia tano. Mbele ni Tabora, zaidi ya kilomita mia tatu. Mbele ni Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja.

Tulinunua siti tatu za nyuma za basi tukamlaza mama, dada akiwa amekaa chini ameshikilia kichwa chake. Huko tulikofika nikawa nimeshalipia upya CHF. Afisa mwandikishaji alikuja nyumbani na simu yake, akapiga picha, akasajili, hakuna shida. Nikaitoa kadi mpya kwa kujiamini kabisa. Karani akaiangalia kwa huruma. "Kaka yangu, hii huku haifanyi kazi." Tukalipa taslimu. Kumwona daktari, kitanda, picha ya kichwa zaidi ya laki mbili, dawa, vipimo vya damu, mpira wa mkojo. Kwenye mtaji wa mchele wa mama hakikubaki kitu.

Ndipo nikaenda ustawi wa jamii. Nilishasikia wazee wanatibiwa bure. Afisa alikuwa mpole sana, akafungua faili, akatazama tarehe ya kuzaliwa. "Mama ana miaka hamsini na saba. Msamaha wa wazee ni kuanzia sitini, na awe hana uwezo. Leteni barua ya mtendaji wenu kuthibitisha kwamba hamna uwezo, tuone tutakachofanya."

Barua ya mtendaji. Nilirudi Mpanda peke yangu kuifuata. Hapa nicheke kidogo, maana bila kucheka nitalia. Ni ofisi ya namna ileile ambayo wiki chache baadaye, kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, iligundua kwamba fomu za wagombea wetu zina kasoro. Ofisi inayoweza kuona herufi iliyokosewa kwenye fomu ya mgombea kwa dakika mbili ilichukua siku nne kuthibitisha kwamba muuza mchele aliyepooza hana hela. Na nilipopewa barua, mhuri ulikuwa umepigwa juu ya jina. Ikabidi irudiwe.

Wiki hiyohiyo nikamtembelea mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Naye alipata kiharusi, mwaka mmoja kabla ya mama. Yeye ana kadi ya NHIF. Alipokuwa kazini alikatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri akaweka tatu nyingine, na alipostaafu yeye na mkewe wakabaki na haki ya kutibiwa. Alipewa rufaa, akaenda, akapigwa picha, akalazwa, akarudi, hakuuza hata kuku. Leo anatembea na fimbo na ananiuliza habari za siasa. Sina kinyongo naye hata kidogo, amefundisha nusu ya watu wa mtaa huu kusoma. Ninachosema ni kwamba mtaa mmoja, ugonjwa mmoja, umri unaokaribiana, na tofauti ya nani anatembea na nani hatembei inaamuliwa na swali moja tu: uliajiriwa na nani miaka thelathini iliyopita?

Hili ndilo nataka tulizungumze kama vijana wa chama, siyo kama mkasa wa familia yangu. Kwa takwimu za serikali yenyewe wakati wa kujadili sheria ya bima, Watanzania waliokuwa na bima ya afya ya aina yoyote walikuwa asilimia 15 tu. Toa waajiriwa, toa wategemezi wao. Angalia Katavi: mkulima wa mahindi wa Mwese, mvuvi wa Karema na Ikola, mfugaji wa Majimoto, mchimbaji mdogo, mama wa Buzogwe, sisi wa boda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu uliokuwa ndiyo kwanza umezaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo akiwa mtoto wa hukuhuku Kibaoni. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Tumeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi, na wengi wetu mshahara wa kukatwa asilimia tatu hatunao.

Bima yetu halisi mnaijua. Ni grupu la WhatsApp. "Ndugu, jamaa na marafiki, mgonjwa wetu amepata rufaa, tunaomba tushirikiane, namba ya kutuma ni hii." Grupu la mama lilikuwa na watu 143 na lilikusanya laki sita na kidogo, na Mungu awabariki wote, pamoja na yule aliyetuma buku mbili akaandika samahani. Kwa mfugaji bima ni ng'ombe. Kwa mkulima ni gunia, na akiugua mwezi wa pili kabla ya mavuno, basi anauza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Ng'ombe akishauzwa, anayefuata kuugua hana bima.

Sasa serikali itasema: sheria ipo. Kweli ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, Sheria Namba 13. Kabla yake kulikuwa na muswada wa 2022, ule uliotajwa na kiwango cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, wananchi wakapiga kelele, wabunge wa CCM wenyewe wakashtuka, ukarudishwa. Ukalinganisha na elfu thelathini ya CHF ni zaidi ya mara kumi na moja. Kelele zile zilikuwa halali.

Lakini hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Serikali ilikuwa sahihi kwenye kitu kimoja: bima ya hiari haisimami. Mimi ni ushahidi. Nilinunua tairi. Binadamu mzima hanunui ugonjwa, ananunua tairi. Wanaokata bima kwa hiari ni wale ambao tayari wanaumwa, na mfuko wa wagonjwa watupu unakufa. Ndicho NHIF ilichosema Machi 2023 iliposimamisha usajili wa mtoto mmojammoja kwenye Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400: wazazi wanaleta watoto wanaoumwa, wazima wanabaki nyumbani. Hesabu hiyo ni kweli. Ubaya ni kwamba walichofunga ni mlango wa mtoto, na fundisho lenyewe hawakulifuata mpaka mwisho. Kama hiari haifanyi kazi, dawa yake ni kumwingiza kila mtu kwa kadiri ya kipato chake, na asiye na kipato alipiwe. Kumpandishia bei au kumfungia nje anayehitaji hakuponyi mfuko.

Tusijidanganye pia kwamba mwenye kadi kubwa amelala usingizi mtamu. Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, hospitali binafsi nyingi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake kwa mabishano ya bei. Wagonjwa wa presha na sukari waliamka asubuhi na kadi ambayo jana yake ilikuwa inafanya kazi. Mgonjwa wa kiharusi hawezi kusubiri mazungumzo yaishe. Kidonge cha presha hakina likizo.

Na hilo ndilo ambalo watu hawalijui mpaka liwakute. Watu wanadhani kiharusi ni tukio: umeanguka, umelazwa, umeruhusiwa. Kulazwa ndiyo sehemu fupi. Mama alilazwa siku kumi na mbili. Tangu Oktoba hadi sasa, Machi, anameza vidonge vya presha kila siku ya Mungu, na aspirini, na vya kushusha mafuta kwenye damu, na daktari alituambia ni vya maisha yote, kwa sababu aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu sana na cha pili. Anahitaji mazoezi ya viungo, na mtaalamu wa mazoezi hayuko zahanati ya mtaani. Anahitaji kupimwa presha mara kwa mara. Alihitaji kiti cha magurudumu kwa miezi mitatu. Dada yangu alikuwa na kibanda cha cherehani. Kimefungwa, kwa sababu mama hawezi kujipeleka chooni peke yake. Ukiniuliza kiharusi cha mama kimelemaza wangapi, nitakujibu wawili.

Kadi ya CHF inamsaidia sasa, na ni haki niiseme hivyo. Vidonge viwili kati ya vitatu anavipata kwa kadi siku ambayo vipo. Cha tatu, au siku ambayo dirishani wanatikisa kichwa, nakwenda duka la dawa na hela ya boda. Wapo niliowakuta kwenye foleni wanaomeza kidonge siku moja na kuruka siku mbili ili kifike mwisho wa mwezi. Mama mmoja wa Nsimbo alinieleza kwa fahari kabisa, kama mtu aliyevumbua kitu. Sikujua nimjibu nini.

Kwa hiyo tunataka nini? Chama chetu kimesema kwa muda mrefu kwamba bima ya afya iwe fao ndani ya hifadhi ya jamii. Nakiri nilikuwa naikariri hiyo sentensi jukwaani bila kuielewa. Sasa naielewa. Maana yake ni kwamba mama wa Buzogwe anaweka akiba yake kidogokidogo kwenye mfuko, serikali inamwongezea sehemu, na ndani ya akiba hiyo matibabu yapo, kama yalivyo kwa mwanachama wa NSSF mwenye fao la matibabu. Hatoi elfu thelathini mara moja mwezi wa sita wakati pikipiki ya mwanawe haina tairi. Anatoa mia tano sokoni siku ya soko, na siku akianguka anakuwa ndani, hayuko mlangoni akitafuta kalenda.

Mtu atasema haiwezekani kwa wakulima. Mwaka 2018 NHIF ilizindua Ushirika Afya kwa wakulima walio kwenye vyama vya ushirika: shilingi 76,800 kwa mkulima kwa mwaka na 50,400 kwa mtoto, wakianza na mazao ya kimkakati, tumbaku, pamba, korosho, kahawa na chai. Wazo la kukata wakati wa mauzo ni zuri, mkulima ana hela siku hiyo. Lakini Katavi siyo tumbaku peke yake. Mpunga wa Mwamapuli na mahindi ya Nsimbo yanauzwa kwa dalali aliyekuja na lori, hakuna chama cha msingi, hakuna makato, hakuna risiti. Anayelisha nchi ndiye aliyeachwa nje ya hesabu.

Na fedha za kumlipia asiye na uwezo zipo kwa mujibu wa sheria yenyewe. Sheria ya 2023 imetaja vyanzo: ushuru wa vinywaji vyenye gesi, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima za vyombo vya moto, miamala ya kielektroniki. Someni tena orodha hiyo taratibu. Soda unayokunywa kijiweni, mkeka unaoupanga Jumamosi, bima ya boda, muamala wa kumtumia mama hela. Wachangiaji wakubwa wa mfuko huo ni sisi vijana. Basi tuna haki ya kuuliza kila mwaka umekusanya kiasi gani na umemlipia nani. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Tanzania haijafika hapo. Majirani zetu Rwanda wamefika mbali kwa kupanga michango kwa uwezo wa kaya na kumlipia maskini wa mwisho. Kenya Oktoba 2024 waliingia mfumo mpya wa kukata asilimia 2.75 ya kipato, na mliona wenyewe mitandaoni walivyohangaika mfumo kugoma kwenye kaunta. Tujifunze kote kuwili.

Ila mimi nisipofika kwenye jambo moja nitakuwa nimeandika bure. Hata tukishinda hoja ya nani analipa, bado kuna swali la kadi inafika wapi. Nimeshaona watu wakishangilia kwamba kila kaya itakuwa na kadi. Kadi ya mama ilikuwepo mkononi mwangu, hai, na picha yake imepigwa vizuri, siku karani aliponiambia huku haifanyi kazi. Kitita cha msingi kikiishia tena ngazi ya mkoa, mtu wa Dar es Salaam hataona tofauti kubwa, maana Muhimbili iko umbali wa daladala. Mtu wa Katavi ndiye atakayeona. Kwetu rufaa ni safari, ni siti tatu za basi, ni ndugu wa kulala kwenye korido, ni nauli ya kurudi kliniki baada ya mwezi. Bima ambayo haifuati rufaa, kwa mkoa kama huu, ni bima ya mafua. Na bima ambayo haifuati mgonjwa nyumbani baada ya kuruhusiwa, kwa vidonge na mazoezi, inamsubiri arudi na kiharusi cha pili ili imlipie kwa bei kubwa zaidi.

Nawaomba wenzangu wa matawi yote, kuanzia Inyonga hadi Karema, mtusaidie kwenye mambo ya karibu wakati tunapigania hayo ya mbali. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, muulize mtendaji orodha ya wazee waliotambuliwa kwa matibabu bure, isomwe hadharani, na ambaye hayumo aingizwe. Muulize kaya ngapi zina kadi iliyo hai. Usiulize kwa ugomvi, uliza kwa sauti. Na tukifanya vikao vyetu, awepo mtu wa zahanati na mashine ya presha. Kikao chetu cha Januari pale Makanyagio tulipima watu thelathini na nane kabla ya kuanza ajenda. Tisa presha iko juu, na wawili kati yao hawajafika miaka thelathini. Mmoja ni katibu wetu, ambaye siku zote alikuwa anasema kichwa kinamuuma kwa sababu ya hasira za uchaguzi.

Mama sasa anasema maneno mengi, ingawa jina langu bado linamshinda na ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Mkono haujarudi. Jioni tunampa soksi iliyojazwa mchele aiminye, mara ishirini, na yeye anahesabu kwa sauti. Juzi aliniuliza kadi inaisha lini. Nikamwambia mwezi wa tisa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akataka nimpe elfu thelathini sasa hivi aiweke yeye. Nikampa. Ameifunga kwenye pindo la khanga.